Mguu wa Kushoto wa Jennifer

Jennifer Nyambura alikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa, mwanamke wa miaka thelathini na saba mwenye sauti ya upole, na kila Jumapili ya msimu alivaa helmeti yenye vyuma mbele ya uso akaenda kugongana na wanawake wenzake uwanjani. Wagonjwa wake walipopata habari walimwuliza kama anaitafutia wodi wateja. Alicheka tu, akawatengenezea mto, akaendelea na kazi.

Mchezo wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa mpira uliochongoka huku na huku kama papai changa. Usihofu kama huujui. Hata Jennifer hakuujua mpaka alipofika miaka thelathini na tatu, na hapa tutauhitaji kidogo tu. Timu inapewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi kumi mbele. Ikiweza, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kila jaribio linaanza kwa mpira kurushwa nyuma, kupitia katikati ya miguu ya mchezaji aliyeinama, mpaka mikononi mwa mtu mmoja anayeitwa kwotabeki. Huyo ndiye mwenye uamuzi: aukabidhi kwa mkimbiaji, aurushe kwa mpokeaji aliye mbali, au akimbie nao mwenyewe. Katika timu ya Korongo ya mtaa wa Kilburn, London, kwotabeki alikuwa Jennifer.

Aliyemtia kwenye mambo hayo ni Kalpana, mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa wodi hiyohiyo, ambaye ndiye pia aliyekuwa akiinama na kuurusha ule mpira nyuma. Siku moja Kalpana alikuwa amemshika mzee mmoja asianguke, akanyoosha mkono uliobaki akiomba bandeji. Jennifer alikuwa upande wa pili wa vitanda viwili. Akairusha. Ikatua kiganjani kana kwamba imewekwa. Kalpana akakitazama kiganja, akamtazama Jennifer, akamketisha mzee taratibu, kisha akauliza Jumapili huwa anafanya nini. Jennifer akasema anakwenda kanisani, halafu anafua. Kalpana akasema kanisa halina neno, lakini hiyo ya kufua wataitafutia siku nyingine.

Mkono ule ulikuwa umetengenezwa na netiboli. Katika sekondari ya wasichana kule Nyandarua, Jennifer alivaa herufi C kifuani miaka minne, herufi ya mchezaji wa katikati ambaye karibu kila mpira unapitia kwake. Aliyewahi kucheza netiboli anaikumbuka sheria kuu: ukidaka, umesimama. Mguu uliotangulia kutua ndio umepandwa hapo. Wa pili uzungushe upendavyo, lakini ule wa kwanza ukiuinua na kuutua tena kabla hujauachia mpira, kipenga kinalia. Na pasi una sekunde tatu tu za kuitoa. Mwalimu wao wa michezo alikuwa na adhabu yake. Msichana mmoja akitembea na mpira, timu nzima inazunguka uwanja mpaka mwalimu amalize chai, na mwalimu huyo alikuwa mtu wa kunywa chai kwa starehe. Wenzake wote waliwahi kuwakimbiza wengine. Jennifer hakuwahi hata mara moja. Ilikuwa fahari yake ya ujana, zile fahari ndogo ambazo mtu akishakuwa mkubwa hana tena pa kuzisimulia.

Miaka mitatu ya kwanza na Korongo ilipita vizuri. Kocha wa wakati huo, Tony, alipenda mchezo wa kusongamana. Wachezaji wote walijazana katikati kama watu wanaogombania mlango mmoja, Jennifer akapokea mpira, akamkabidhi mkimbiaji, akajitoa njiani. Ni kazi iliyotaka utiifu zaidi kuliko akili, na Jennifer alikuwa mtiifu. Mkono wake ulifanya kazi mara nne au tano kwa mechi nzima.

Januari Tony akahamia mji mdogo wa pwani karibu na bintiye, na nafasi yake ikachukuliwa na Griffins. Griffins alikuwa mwalimu wa hisabati, mtu wa Homa Bay, aliyeujulia mchezo huu chuo kikuu hapahapa London. Siku ya kwanza alikusanya vikoni vyote vya plastiki, akavipanga kutoka ukingo mmoja wa uwanja mpaka mwingine, akawaambia wapokeaji wasimame hapo, mbalimbali, kila mtu na eneo lake. Akamweka Jennifer nyuma, peke yake. Akaeleza kwamba huu ni mfumo wa kutawanya. Mpinzani akitaka kuwafuata wote, naye itabidi atawanyike, na akitawanyika atakuwa ameacha mashimo. Kazi ya kwotabeki ni kuliona shimo na kulitumia haraka.

Jennifer aliupenda mfumo ule tangu jioni hiyo. Kupokea, kutazama, kutoa: mwili wake uliujua wimbo huo tangu utotoni. Alirusha mipira mirefu na mifupi, kulia na kushoto, na wapokeaji wakaanza kufika mazoezini mapema ili wapate zamu. Aprili ilipofika alikuwa akirusha vizuri kuliko wakati wowote wa maisha yake.

Lakini wakafungwa mechi tatu mfululizo.

Sababu yake ilikuwa moja, na wapinzani waliigundua mechi ya kwanza kabla ya mapumziko. Katika mfumo ule, wapinzani wote wakirudi nyuma kuwalinda wapokeaji, katikati panabaki wazi, na kwotabeki anatakiwa akimbie mwenyewe achukue yadi zake za bure. Jennifer hakukimbia. Alidaka mpira, mguu wa kushoto ukatua, akabaki hapo. Mbele yake nyasi tupu, hakuna mtu, hata mbwa angepita akafika. Wenzake wakampigia kelele aende. Yeye akageuka kushoto, akageuka kulia, akatafuta wa kumpa, mpaka mtu mzito akamfikia na kumlaza chini.

Griffins alimwuliza mapumzikoni kuna nini. Jennifer akasema goti.

Alilisema kabla hajalifikiria. Huko walikotoka wote wawili, humwambii kocha mbele ya watu kwamba mfumo wake una kipande ambacho wewe hukiwezi. Unasema goti. Naye akamwambia pole, akaamini, kwa sababu nani atambishia muuguzi wa wodi ya mifupa juu ya goti? Mechi iliyofuata Jennifer alikuja amelifunga bandeji, kaifunga kitaalamu hasa. Kalpana, ambaye kazi yake ilikuwa magoti kutwa nzima, alilitazama lile goti likipanda ngazi za wodi Jumatatu bila taabu, akamwambia hajapata kuona ugonjwa unaojua siku za wiki namna ile.

Kwenye kundi la WhatsApp la timu maneno yakaanza. Mmoja akaandika kwamba mfumo ni mzuri ila haumfai kwotabeki. Mwingine akajibu kwamba kwotabeki ni mzuri ila mfumo haumfai. Wa tatu akasema hayo ni maneno yaleyale, na wawili wale wakageuka kumshambulia yeye. Jina la Miradie likatajwa. Miradie, mmoja wa wapokeaji, alikuwa msichana wa Goma, miaka ishirini na mbili, anasafisha ofisi asubuhi na mchana anasoma chuo, na alikuwa na mbio ambazo Korongo hawakuwahi kuziona. Kwa kurusha, mpira wake uliyumba angani kama kuku aliyetupwa. Lakini angekimbia. Miradie mwenyewe hakuandika chochote. Jennifer pia hakuandika, ila alisoma kila neno, akiwa amesimama jikoni na koti bado mwilini.

Usidhani lilikuwa jambo dogo kwake. Jennifer alikuwa London mwaka wa kumi na moja. Kazini aliitwa na kengele: kitanda cha nne, kitanda cha tisa. Nyumbani palikuwa na chumba chake na jokofu la kushirikiana na wapangaji wawili ambao walisalimiana naye kwa kichwa. Uwanjani tu ndipo wanawake wazima kumi walipoinama wakakaa kimya, wakisubiri yeye aseme. Kwa sekunde chache, mara sitini kila Jumapili, hakuna kilichosogea mpaka Jennifer Nyambura afungue kinywa. Hilo ndilo alilokuwa karibu kulipoteza.

Jumanne ukaja ujumbe wa Griffins: Dada Jennifer, Alhamisi baada ya mazoezi tuongee kidogo. Jennifer alikuwa ameshawaita ndugu wengi wa wagonjwa pembeni kwa ajili ya kuongea kidogo. Alijua uzito wa hilo neno kidogo. Siku mbili nzima akatunga maneno ya kumkabidhi Miradie nafasi bila kuonyesha uso wa kulia, akayakariri ndani ya basi mpaka yakawa laini.

Alhamisi wenzao walipoanza kuondoka, Griffins aliketi kwenye benchi la nje ya vyumba vya kubadilishia nguo, akamwonyesha Jennifer mahali pa kukaa. Alizungumza Kiswahili, ambacho mbele ya timu hakukitumia.

"Dada, nataka kukuomba msamaha," akasema.

Jennifer akasahau yote aliyoyakariri.

Griffins akaeleza kwamba amezitazama zile mechi tatu tena na tena, na kila akimwona amesimama pale akiwa na maumivu, anajiona mtu mbaya. Yeye ndiye aliyeleta mfumo unaomtaka mtu mwenye goti bovu akimbie. Hakuuliza kama unamfaa. Aliupenda tu tangu chuoni. Kwa hiyo ameamua: kuanzia Jumapili wanarudi kwenye mchezo wa Tony, wa kusongamana, na Jennifer abaki na nafasi yake bila kuumia.

Hapo ndipo palipokuwa patamu na pachungu. Alichokuwa akikililia kwa wiki nzima amewekewa mapajani. Ilibidi aseme asante tu. Lakini alikumbuka mipira mitano ya mechi nzima, na kukabidhi, na kujitoa njiani. Tena akamwona mwalimu wa watu ameketi hapo anajilaumu kwa ajili ya bandeji.

"Kocha, goti halina kitu," akasema.

"Unasemaje?"

"Ni zima. Halijawahi kuniuma hata siku moja. Ni mguu wa kushoto. Haukubali kuondoka nikiwa na mpira."

Akamwambia yote: ile C, kile kipenga, ile chai ya mwalimu. Alisema haraka huku akitazama viatu vyake, kwa sababu yakitoka kinywani mwa mtu wa miaka thelathini na saba maneno yale yalisikika ya kitoto kupita kiasi. Alipomaliza, Griffins akavuta pumzi ndefu sana, akaiachia yote, akajipangusa uso kwa viganja viwili.

"Sijalala vizuri tangu mechi ya pili," akasema. "Nikijua nimekuharibia mguu. Wewe mwanamke, unanifanyia hivyo kwa nini?"

"Ningekuambiaje? Kwamba naogopa mwalimu aliyestaafu?"

"Yuko hai?"

"Yuko Nyahururu. Anafuga sungura."

Griffins akaanza kucheka, na Jennifer, aliyekuja hapo tayari kwa msiba, akajikuta anacheka naye mpaka mbavu zikamuuma. Griffins akachukua mpira, akasema anataka kuona kwa macho yake. Akamrushia. Jennifer akadaka, mguu wa kushoto ukatua. Griffins akamwambia asogee. Hakusogea. Akamrushia tena, akamwambia atembee tu, kama anakwenda dukani. Mwili wa juu ukaenda, mguu ukakataa, nusura aanguke. Mara ya tano Miradie akatokea mlangoni, begi begani, akawakuta watu wazima wawili wanashikilia matumbo.

Jennifer akamweleza. Ilikuwa rahisi kidogo mara ya pili. Miradie alisikiliza, akaonekana haoni tatizo liko wapi.

"Yaya, kwani lazima ukimbie weye?" akauliza. Kwao Goma yaya ni dada mkubwa, na Jennifer alikuwa ameshazoea. "Miye nitasimama kando yako. Wakirudi nyuma wote, unipe. Kukimbia njo kazi yangu."

Griffins akaacha kucheka. Akavichukua vikoni vitatu, akavipanga chini, akavitazama kama anavyotazama hesabu ubaoni. Mfumo ubaki vilevile, wapokeaji watawanyike vilevile; ila mmoja wao arudi akae hatua mbili kutoka kwa Jennifer. Shimo likifunguka katikati, pasi fupi ya kifuani, na Miradie aondoke na mpira.

"Zile sekunde zako tatu zitatosha?" akamwuliza Jennifer.

"Zitabaki."

Hata hivyo Griffins hakumdanganya. Akasema watajaribu Jumapili huko Croydon, na kama haitakubali, Miradie atashika nafasi ya kwotabeki na Jennifer atamfundisha kurusha, kwa sababu mechi ya tano hawawezi kuipoteza kwa majaribio. Jennifer akasema ni haki. Akatembea mpaka nyumbani kwa miguu, vituo vyote vitatu vya basi akivipita, na ingawa nafasi yake ilikuwa bado iko hatarini, alihisi wepesi ambao hakuwa nao tangu Aprili. Bandeji aliitupa kwenye pipa la mtaani bila kupunguza mwendo.

Jumapili wakateremka treni East Croydon, wakapanda tramu na mabegi yao makubwa, abiria wakiwapisha. Uwanja ulikuwa umelowa. Kocha wa wenyeji alikuwa amejiandaa: jaribio la kwanza tu, watu wake wote wakarudi nyuma, na kutoka pembeni akawatangazia kwa sauti kwamba huyo hakimbii, mwacheni, hakimbii.

Alisema kweli. Jennifer alidaka, mguu wa kushoto ukatua, akazunguka juu ya mguu huohuo, akampa Miradie mpira kifuani. Miradie akapotea nao. Walipomshika alikuwa ameshapita yadi kumi na nne.

Wakafanya hivyo mara nne, mpaka wenyeji wakalazimika kuwaleta watu mbele kumzuia Miradie. Walipokuja mbele, huko nyuma wakabaki wapokeaji wasio na mlinzi, na Jennifer akawa anachagua kama mtu aliye sokoni mapema. Kwa mara ya kwanza msimu huo aliwasikia Korongo wakicheka ndani ya helmeti zao.

Lakini wenyeji nao walikuwa timu. Dakika mbili kabla ya mwisho walikuwa wanaongoza ishirini kwa kumi na tisa. Korongo walikuwa yadi tisa kutoka mstari wa mwisho, ambako kufika na mpira ni pointi sita, na lilikuwa jaribio la nne. Likishindikana, wamefungwa. Na Jennifer alijua maana yake: nafasi ingekwenda kwa Miradie, kwani Griffins ni mtu wa neno lake.

Wote kumi wakaingia kwenye duara, wakamtazama. Jennifer akataja mchezo. Sauti yake ilitoka sawasawa, hata yeye akaishangaa.

Kalpana akaurusha mpira. Jennifer akaudaka, mguu ukatua. Akamtafuta Miradie, wawili walikuwa wamemganda. Akatazama kushoto, wapokeaji wa huko wamezibwa. Katikati palikuwa peupe tena, yadi tisa za nyasi, na mtu mwingine yeyote angekwenda. Yeye akabaki. Beki mmoja wa wenyeji, mwanamke mrefu, akamwona amesimama, akamwacha mpokeaji wake upande wa kulia akamjia kwa kasi yote. Jennifer akamsikia kabla hajamwona. Akazunguka juu ya mguu wa kushoto, karibu duara zima, vile alivyokuwa akizunguka akiwa na miaka kumi na sita, na mwanamke yule akapita mahali ambapo bega lake lilikuwa, akaenda kuteleza kwenye tope. Jennifer alipomaliza kuzunguka, uso wake ulikuwa umeelekea kulia, na kule kulia kulikuwa na mpokeaji peke yake, mikono juu. Akampa.

Ishirini na tano kwa ishirini. Muda uliobaki wenyeji hawakufika popote.

Walipomaliza kupeana mikono, Griffins alimjia akitembea polepole, mikono mfukoni, kama mtu aliyetoka kushusha mzigo mahali mbali. Alisema Kiswahili.

"Mfumo ni huu, na nafasi ni yako. Utaiacha siku utakayochoka mwenyewe."

"Na kukimbia?"

"Nani kakuambia ukimbie?"

Jennifer akaitikia kwa kichwa na kuinama kufungua kamba za viatu ambazo hazikuhitaji kufunguliwa. Alikaa hapo chini kitambo, matako yamelowa, akihisi jinsi mabega yanavyoshuka.

Kwenye tramu Miradie aliomba afundishwe kurusha, si kwa sababu ya nafasi, akasema, ila kwa kuwa amechoka kuchekwa. Jennifer akamwambia Jumanne, na aje na mikono yenye nguvu. Kalpana alikuwa amebeba chapati zilizojazwa viazi, akazigawa mpaka Griffins akabakiwa na nusu. Treni ya kurudi ilikuwa na nafasi. Simu ya Jennifer ikatetemeka na kutetemeka kwa maneno ya kundi, hakuitoa mfukoni. Aliegemeza kichwa dirishani, akasema anafumba macho dakika moja tu, na kabla treni haijaufikia mto alikuwa amelala, mdomo wazi. Miradie akavua koti lake akamfunika. Wenzao wa nyuma walikuwa wakiimba, na Kalpana akageuka akawaomba wapunguze sauti.